Lukuga: mulango wa Tanganyika uliojifunga kisha ukafunguka



Tangu 2020, kila mara Ziwa Tanganyika linapopanda, sisi tuliosoma agronomia tunaulizwa swali moja: maji haya yote yametoka wapi, na yatarudi lini? Uvira wananiuliza uso kwa uso, Kalemie wananiuliza kwa telefone. Na mara nyingi, mbele hata nifungue kinywa, majibu yamekwisha kutolewa. Mumoja anasema ni malaana. Mwengine anasema kuna watu wamefunga maji mahali fulani. Wa tatu, ambaye ndiye amesoma, anasema: jambo hili halijawahi kutokea.

Ni yule wa tatu ninataka kumujibu leo. Jambo hili limekwisha kutokea, na zaidi ya mara moja. Liliandikwa na watu walioliona kwa macho yao, kwa miaka inayojulikana. Ni sisi tu hatulisomi. Na mutu akisema "haijawahi kutokea", maana yake njo hii: maji yakishuka, tutajenga tena palepale.

1. Swali la 1858

Mwezi wa 2 wa 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji kutoka pwani. Walikuwa wanatafuta chanzo cha muto Nile. Waliona ziwa refu lisilokuwa na mwisho, wakasikia kwamba upande wa kaskazini kuna muto mukubwa, Ruzizi. Wakajiuliza: Ruzizi inaingia ndani ya ziwa, ao inatoka? Kama inatoka, basi pengine huyu ndiye Nile.

Walipanda mitumbwi, wakafika Uvira mwezi wa 4. Kufika kwenye mudomo wa Ruzizi hawakuweza. Lakini vijana watatu, watoto wa mukubwa wa hapo, walimuambia Burton bila kuficha: Ruzizi inaingia, haitoki. Kwa mutu wa Uvira hilo halikuwa fumbo. Ni sawa kumuuliza mutu kama maji ya paa lake yanaanguka chini ao yanapanda juu.

Ulaya walibishana miaka 13 tena. Mwezi wa 11 wa 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walienda pamoja mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho: Ruzizi inaingia. Watoto wa Uvira walikuwa wamesema kweli.

Lakini jibu hilo lilileta swali kubwa zaidi. Ruzizi inaingia. Malagarasi inaingia kutoka upande wa Tanzania. Mito midogo mingi inashuka kutoka milima ya pande zote, na yote inaingia. Basi maji yanatokea wapi? Ziwa lisilo na mahali pa kutokea, kwa muda murefu linakuwa la chumvi, kwa sababu maji yanapanda hewani na chumvi inabaki. Tanganyika watu wanakunywa. Kwa hiyo mulango lazima uko.

2. Mulango uliofungwa na majani

Mwezi wa 5 wa 1874, Verney Lovett Cameron, mwanajeshi wa majini wa Uingereza, alikuwa anapita na mitumbwi kando ya pwani ya magharibi, pale ambapo leo ni Kalemie. Wenyeji walimuonyesha Lukuga na kumuambia kwamba maji yake yanakwenda mpaka Lualaba. Cameron aliingia ndani ya muto, akasafiri kilometre chache, kisha mutumbwi ukakwama. Mbele yake hakukuwa tena maji, ilikuwa mafunjo na majani yenye kuelea, yamefungana sawa mukeka. Alirudi akisema: mulango ninauona, ila umefungwa.

Mwaka wa 1876 Stanley alizunguka ziwa lote kwa siku 51. Alipofika Ujiji, aliona kitu cha ajabu: michikichi mitatu ambayo 1871 ilisimama sokoni, sasa ilikuwa ndani ya maji. Ziwa lilikuwa limepanda kwa miaka mitano tu. Alipofika Lukuga aliona kwamba maji hayatoki bado, lakini akafikiri vizuri: ziwa likiendelea kupanda kidogo, litapita juu ya kizuizi hiki.

Hapo tuko na picha nzima. Ziwa linapanda mwaka kwa mwaka, mulango umefungwa. Nani aliufunga? Hakuna mutu. Mbele ya hapo, kwa miaka mingi, mvula haikutosha, ziwa likakaa chini ya kizingiti cha Lukuga. Muto usipokuwa na mukondo, unakuwa bwawa. Vijito vya kando vinaleta udongo, mafunjo yanaota juu ya udongo, mizizi inakamata udongo mwengine. Mulango unajifunga pole pole. Kisha mvula inarudi, na mulango hauko tayari.

3. Hesabu ya ziwa

Kwa kuelewa vizuri, tufanye hesabu. Hesabu hii si ya jana. Mwaka wa 1674, miaka 200 kamili mbele ya safari ya Cameron, Mufaransa Pierre Perrault alichapisha kitabu juu ya asili ya chemchemi. Wakati ule watu wengi wenye kusoma waliamini kwamba mvula haitoshi kujaza mito, na kwamba maji yanapanda kutoka bahari kupitia mashimo ya chini ya ardhi. Perrault alipima mvula ya sehemu ya juu ya muto Seine, akaona kwamba ni mara sita ya maji yanayopita mutoni. Basi mvula inatosha, na inabaki! Miaka kidogo baadaye Mwingereza Edmond Halley alipima ni kiasi gani cha maji kinapotea hewani kutoka chombo kilichopashwa moto kidogo, akafanya hesabu ya bahari ya Mediterania. Duru ya maji, ile tulifundishwa na mushale wa kupanda na mushale wa kushuka, ilizaliwa namna hiyo: kwa watu waliopima.

Sasa tufanye ya kwetu. Tanganyika iko na zaidi ya kilometre za mraba 32,000, na kina chake kinafika metre 1,470. Maji yanaingia kwa njia mbili: mvula inayoanguka moja kwa moja juu ya ziwa, na mito. Yanatoka kwa njia mbili: Lukuga, na jua. Na hapa wengi wanashangaa. Ni jua linalochukua karibu yote, kama sehemu tisa kwa kumi. Kila mwaka ziwa linapoteza hewani tabaka la maji la metre moja na nusu hivi. Lukuga inachukua kiasi kidogo kinachobaki.

Ndiyo maana Tanganyika ni ziwa lenye kusikia haraka. Mvula ikizidi kidogo miaka miwili mitatu mufululizo, mawingu yakikaa sana na jua likipungua, kipimo kinapanda. Mulango wa Lukuga ni mudogo mno kwa kurudisha ziwa chini kwa mwaka mumoja. Hata katika mwaka wa kawaida ziwa linapanda na kushuka kama sentimetre 80: juu kabisa mwezi wa 4 ao wa 5, chini kabisa mwezi wa 10 ao wa 11. Walobaji wote wanajua hilo.

4. Mulango unavunjika

Kunako 1878 maji yalipita juu ya kizuizi. Maji yakianza kupita, yanakula udongo. Udongo ukiliwa, maji yanapita kwa nguvu zaidi. Mwaka wa 1879 Edward Hore, mubaharia wa misioni ya London aliyekaa Ujiji, alienda kuangalia Lukuga. Mwisho wa mwaka huohuo akafika Joseph Thomson, kijana wa Scotland wa miaka 21 (ndiyo, miaka 21, umri wa wengi wetu tukiwa bado kwenye auditoire). Pale ambapo Cameron alikwama ndani ya majani, wao walikuta muto wenye kukimbia kwa nguvu kuelekea magharibi. Cameron alisema kweli, Stanley naye alisema kweli. Kila mumoja alipita kwa wakati wake. Na wenyeji waliosema kwamba Lukuga inakwenda Lualaba walisema kweli mbele yao wote.

Ziwa likaanza kushuka. Kwa muda wa miaka kama 15, kipimo kilienda chini karibu metre 10. Piga hesabu: metre 10 kwa kilometre za mraba 32,000 ni zaidi ya kilometre za ujazo 300. Maji hayo yote yalipita Lukuga, yakaingia Lualaba, yakapita Kisangani ya leo na Pool Malebo, yakatoka Banana mpaka bahari ya Atlantika. Mulango ukiwa wazi, maji ya Uvira yanafika Banana. Mulango ukijifunga, Tanganyika inajikalia peke yake, na njia yake ni mbingu tu.

Angalieni sasa tarehe. Kituo cha Albertville, Kalemie ya leo, kilianzishwa mwisho wa 1891, wakati ziwa lilikuwa linashuka. Njia ya reli kutoka Kabalo ilifika 1915. Muji ukakua, bandari ikakua, na watu wakazoea ziwa la chini. Pwani waliyoiona kama ya siku zote ilikuwa na umri wa miaka 20 ao 30 tu. Michikichi ya Ujiji ingeweza kuwaambia, lakini nani anauliza michikichi?

5. Mvula yetu inapikwa namna gani

Mutu atasema: sawa, mulango tumeuelewa, lakini mvula yenyewe? Kwa nini Uvira inapata mafuriko ya muto kwa usiku mumoja, na plaine ya Ruzizi, kilometre kidogo tu kutoka hapo, wakulima wanalia ukavu?

Mvuke unapanda kutoka ziwa, kutoka musitu na kutoka bahari. Kila litre inayopanda inabeba joto la jua ndani yake. Hewa ikipanda inapoa, mvuke unarudi kuwa matone, na lile joto linaachiliwa ndani ya wingu. Joto hilo linasukuma wingu lipande tena zaidi. Ndiyo maana wingu jeusi la saa tisa za mchana linakua mbele ya macho sawa povu la maziwa kwenye moto.

Kwetu kuna musaada mwingine, nao ni milima. Uvira iko kwenye kimo cha metre 770 na kidogo, na nyuma yake milima inapita metre 3,000. Mchana, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya ziwa inavuma kuelekea nchi kavu, inagonga mulima, haina njia isipokuwa kupanda. Mvula inaanguka juu, kwenye miteremko. Usiku ni kinyume: milima inapoa, hewa baridi inashuka mpaka ziwani na kuinua hewa ya moto iliyobaki juu ya maji. Ndipo dhoruba inazaliwa katikati ya ziwa usiku, saa ile walobaji wa ndagala wako na taa zao. Wazee wao hawakusoma meteorolojia, lakini wanajua kuangalia umeme uko upande gani mbele ya kusukuma mutumbwi.

Plaine ya Ruzizi iko chini, katikati ya milima ya pande mbili. Hewa inayofika pale imekwisha kumwaga maji juu, na ikishuka inapata joto na kukauka. Kwa hiyo plaine inapata chini ya milimetre 1,000 kwa mwaka, wakati milima inapata nyingi zaidi. Na milimetre moja ya mvula ni litre moja kwa kila metre ya mraba, sawa metre za ujazo 10 kwa hekta. Milimetre 60 za usiku mumoja ni metre za ujazo 600 kwa kila hekta ya mulima. Kama mulima uko na miti, sehemu kubwa inaingia udongoni na kutoka pole pole kama chemchemi. Kama mulima umenyolewa, yote inashuka kwa saa moja, na mawe pamoja nayo.

6. Bahari ya mbali

Mwisho wa 1961 mvula kubwa ilianguka Afrika ya mashariki yote. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya metre mbili kwa miaka kidogo. Tanganyika nayo ilipanda mpaka kilele cha 1964. Wazee wa Kalemie na Uvira wenye umri wa kutosha wanaikumbuka. Nchi ilikuwa ndani ya matatizo mengine wakati ule, watu walikuwa wanakimbia vita, na pengine ndiyo maana maji ya 1964 hayakukaa sana ndani ya masimulizi yetu.

Sababu ya 1961 haikuwa kwetu. Ilikuwa bahari ya Hindi. Kuna miaka ambayo upande wa bahari ulio karibu na Afrika unapata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia unapoa. Maji yenye joto yanatoa mvuke mwingi, na upepo unauleta huku. Ilitokea 1961, ikatokea 1997, ikatokea tena kwa nguvu sana mwisho wa 2019. Mutu wa Uvira anaweza kuzaliwa na kufa bila kuona bahari ya Hindi, lakini bahari ya Hindi inamujua.

Baada ya 2019, mambo yalifuatana. Mwezi wa 4 wa 2020, muto Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilipasua muji usiku. Makumi ya watu walikufa na maelfu walibaki bila nyumba. Ziwa likapanda Kalemie, likapanda Uvira, likapanda Bujumbura na Gatumba. Lilishuka kidogo, halafu mwisho wa 2023 bahari ya Hindi ikapata joto tena, pamoja na El Niño, na mwezi wa 4 na wa 5 wa 2024 ziwa lilikaribia alama ya 1964.

Sisemi kwamba hali ya hewa haibadiliki. Inabadilika: hewa yenye joto inabeba mvuke zaidi, na mvula za nguvu zinakuwa za nguvu zaidi. Lakini mabadiliko hayo yanakuja juu ya ziwa ambalo tabia yake tangu zamani ni kupanda na kushuka. Tukilaumu mabadiliko ya hali ya hewa peke yake, tunasahau kizingiti cha Lukuga, tunasahau miti ya milimani, tunasahau mahali tulipojenga.

7. Bei ya parsele kavu

Mwaka wa 2022 jamaa yangu mumoja alipata parsele karibu na maji. Bei ilikuwa chini, udongo ulikuwa mukavu, muuzaji alikuwa na karatasi yenye muhuri. Alinionyesha. Nilimuonyesha mimi pia alama ya maji ya 2020 kwenye ukuta wa jirani, ikifika kwenye goti. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia: ndugu, pesa yangu inatosha hapa tu. Alinunua. Mwezi wa 4 wa 2024 maji yalifika kwenye dirisha.

Ninaandika hili si kwa kumucheka. Jibu lake lilikuwa la kweli kuliko la kwangu. Historia ya ziwa haimusaidii mutu mwenye hana mahali pengine. Inaweza kumusaidia tu kama imekuwa sheria mbele parsele haijapimwa: hapa maji yalifika 1964, hapa yalifika 2024, hapa tunapanda muchele na majani ya mifugo, nyumba hatuuzi. Udongo ule ni muzuri kwa mashamba, kwa sababu ziwa lenyewe liliuleta. Mukulima akipoteza msimu mumoja, anapanda msimu unaofuata. Akipoteza nyumba, ni mambo mengine.

8. Kazi yetu sisi

Kipimo cha ziwa kilianza kuandikwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Mwaka wa 1933 ilianzishwa INEAC, yenye makao Yangambi, na vituo vyake viliandika mvula siku kwa siku, kwa daftari na kalamu. Ilikuwa kazi ya ukoloni kwa faida ya pamba na kawa ya ukoloni, tusijidanganye. Lakini namba ni namba. Mwaka wa 1970 INERA ilichukua nafasi yake. Kisha vituo vingi vilinyamaza, kimoja kimoja. Leo mutu akiniuliza kama mvula ya mwaka huu ni kubwa kuliko ya baba yake, mara nyingi kati ya daftari la zamani na satelite ya leo kuna shimo la miaka.

Shimo hilo tunaweza kuanza kulijaza. Kipimo cha mvula si mashine ya gharama: chupa iliyokatwa vizuri yenye mudomo ulionyooka, rula, na mutu mwenye kuandika kila asubuhi saa ile ile. Wenye kuandika TFC mwaka huu, ombeni madaftari ya zamani kwenye vituo vya kwenu, myapige picha mbele panya hawajamaliza. Wenye kukaa Kalemie na Uvira, pigeni mustari wa rangi kwenye ukuta pale maji ya 2024 yalifika, na muandike tarehe. Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mukataba mwaka wa 2003 kwa kulilinda pamoja. Siku watakapoketi tena kuzungumuza juu ya kizingiti cha Lukuga, tufike na namba mukononi, si na malalamiko tu.

Maji yaliyoingia ndani ya nyumba hayakutumwa na mutu. Yalipanda kutoka bahari na ziwa, yakapanda mulima, yakaanguka, yakakuta milima imenyolewa na mulango mwembamba. Yatashuka. Yalishuka baada ya 1878, yalishuka baada ya 1964. Na yatakaposhuka yataacha udongo mukavu, mulaini, wenye kupendeza macho, na muuzaji mwenye karatasi yenye muhuri atakuwa amesimama pale. Siku hiyo ndiyo tutajua kama tulisoma kitu.